Kuzungumza siasa na mkwe wa chama kingine: niliyojifunza Zanzibar baada ya uchaguzi wa marudio

Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari, mzaliwa wa Wete, Pemba, na nimekaa Unguja miaka mingi pamoja na mke wangu, ambaye kwao ni shamba, Mkoa wa Kaskazini Unguja. Watu wa kwetu ni wapinzani tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Watu wa kwao ni CCM, au tuseme walikuwamo kabla CCM yenyewe haijazaliwa, kwa kuwa baba yake alijiunga na Afro-Shirazi Party, kimoja cha vyama viwili vilivyoungana kuwa CCM, akiwa kijana ambaye ndevu hazijamtoka. Ninaandika haya kwa sababu vijana kadhaa walioposa upande wa pili wamenijia kuuliza tumewezaje kukaa, na kila mara nimejikuta nikiwaeleza nusu tu, kwa kuwa habari ni ndefu na si yote ya kupendeza.

Uchaguzi Mkuu ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015, na siku tatu baadaye mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akatangaza kuufuta. Marudio yakafanyika tarehe 20 Machi 2016, na CUF, chama tulichokuwa tukikipigia kura sisi, kikayasusia. Yaliyofuata Pemba yanajulikana: watu waligomeana maduka, wengine walikataa kupanda gari moja, mikarafuu ilikatwa usiku, na zaidi ya yote watu walisusiana maziko. Katika nyumba yetu msuso huo uliingia taratibu. Mke wangu alifiwa na shangazi yake mwaka ule, na upande wangu wote hakuna aliyekuja kuzika isipokuwa mimi. Yeye hakulalamika, lakini niliona kuwa alikuwa ameanza kuhesabu nani atakuja kwa nani, na nyumba ambayo mtu anahesabu namna hiyo haina raha hata ikiwa hakuna anayepaza sauti.

Wazee walituambia kuwa haya hayakuwa mapya. Katika zama za siasa, yaani tangu uchaguzi wa 1957 hadi Mapinduzi ya 1964, watu walisusiana vivyo hivyo, kwa maduka, kwa mabasi na kwa jeneza. Walikuwa wakisema hivyo kwa namna ya kutufariji, lakini mimi sikufarijika, maana nilichosikia ni kwamba maradhi haya yamekwisha kupita vizazi viwili na hakuna aliyepata dawa.

Mazungumzo yangu ya mwanzo na mkwe wangu yalifanyika barazani kwake baada ya sala ya magharibi, mbele ya wanawe, jirani zake na wazee wenzake wa maskani, yaani kijiwe cha wana-CCM. Nilidhani uwazi ndio huo, kuzungumza mbele ya watu. Kilichotokea ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa akizungumza na waliotuzunguka. Yeye hakuweza kunikubalia hata neno moja dogo, kwa kuwa wenzake walikuwa wakimtazama, na mimi nilikuwa nikitafuta kauli ya kukata maneno, kama mchezaji wa dhumna anayengoja kupiga kete ya mwisho kwa kishindo. Tuliondoka tumechoka na tumeudhika, na kesho yake watu walikuwa wakisimulia nani alimshinda nani. Ikiwa kuna neno moja ambalo ningependa kijana aliyeoa upande wa pili alishike kabla ya mengine yote, ni kwamba mazungumzo ya aina hii hayafanyiki mbele ya hadhara. Baraza ni mahali pazuri pa kahawa na habari, lakini mtu mzima hawezi kuonekana akibadili kauli yake mbele ya watu waliomjua miaka hamsini, na ni kumwonea kumtaka afanye hivyo.

Tulipata mahali petu kwa bahati. Nilikwenda shamba siku moja, nikamkuta mzee peke yake nyuma ya nyumba anafua nazi, akiwa na rundo kubwa na mgongo unamuuma. Nilimwomba anipishe kwenye kifuo, naye akakaa pembeni akawa ananisogezea nazi na kuzipanga zilizokwisha kufuliwa. Ndipo tulipozungumza kwa mara ya kwanza bila ya kupigana kwa maneno. Baadaye nilielewa sababu mojawapo: mikono ilikuwa na kazi, macho hayakulazimika kutazamana, na ukimya ulipoingia haukuwa ukimya wa mtu aliyekosa jibu, ulikuwa ukimya wa kazi. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kazi ya kufanya naye, iwe kumenya muhogo, kutengeneza ua au kupanga magunia, na sijapata kumwalika tukae tu “tuzungumze”, maana mwaliko wa namna hiyo humfanya mtu aje amejifunga kibwebwe.

Siku ile sikumuuliza msimamo wake, kwa sababu niliujua na yeye alijua kuwa ninaujua. Nilimuuliza, “Baba, zama za siasa zilipoanza wewe ulikuwa wapi?” Alichonieleza sijapata kukisikia kutoka kwa mtu wa upande wake, si kwa sababu kilikuwa siri, bali kwa sababu hatukuwahi kuuliza. Baba yake alikuwa akiishi katika shamba la karafuu la mtu mwingine. Alilima chakula chake chini ya mikarafuu bila ya kulipa kodi, kwa masharti ya kumpalilia mwenye shamba, na ndivyo maelfu ya watu walivyoishi Unguja wakati ule. Baada ya uchaguzi wa 1957 wenye mashamba walianza kuwafukuza wale waliojulikana kuwa ni wafuasi wa Afro-Shirazi, na baba yake akawa mmoja wao. “Muhogo ulikuwa haujakomaa,” alisema mzee, na alilisema hilo mara mbili, kama kwamba kuondolewa kungevumilika lau wangengojewa wakavuna. Yeye alikuwa mtoto na alibeba jiwe la kusagia kichwani. Baada ya Mapinduzi mashamba yalitaifishwa, na familia yake ikapewa eka tatu. Ninapofua nazi nyuma ya nyumba ile, ninafua nazi za eka tatu.

Mimi nilikulia katika nyumba ambayo jina la Mapinduzi lilitajwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa Pemba ya miaka ya baada yake iliwaachia wazee wetu kumbukumbu za bakora na za njaa. Sikuacha kuamini kumbukumbu hizo baada ya kusikia habari ya muhogo, na wala mzee hakunitaka niache. Lakini nilipata kujua kuwa neno “Mapinduzi” kinywani mwake halikuwa kauli ya chama tu. Lilikuwa na mtu ndani yake, na huyo mtu alikuwa baba yake.

Zamu yangu ilikuja siku nyingine, naye aliniuliza swali lile lile nililomuuliza, jambo ambalo lilinipendeza. Nilimweleza habari ya tarehe 27 Januari 2001, siku ya maandamano, ambapo polisi waliwafyatulia watu risasi pale Wete na kwengineko, na jinsi watu wapatao 2,000 walivyokimbia Pemba kwa mashua na ngalawa hadi Shimoni, Kenya. Kaka yangu alikuwa miongoni mwao, na mama yetu alikaa muda mrefu bila ya kujua kama yu hai. Mzee alikuwa ameambiwa kuwa wale waliokimbia walitumwa na wanasiasa ili kuitia nchi aibu. Hakulitetea neno hilo, na hakulikanusha. Aliuliza, “Alirudi?” Nikamwambia hakurudi, yuko Mombasa hadi leo, ameoa huko. Alisogeza nazi nyingine na hatukusema zaidi siku ile.

Naomba msomaji asidhani kuwa kusimuliana kunatosha. Simulizi hulainisha moyo, lakini hoja hubaki pale pale, na mtu anaweza kukuonea huruma kwa yaliyokupata huku akiendelea kuamini kuwa chama chako kitaiangamiza nchi. Tulihitaji njia ya kuzijadili hoja zenyewe, na njia hiyo aliigundua mzee, ambaye skuli aliiacha mapema lakini alikuwa msuluhishi wa kesi za mashamba kijijini. Alisema kuwa katika kesi za mipaka yeye hamruhusu mtu kudai kabla hajasema dai la mwenzake. Basi tukaanza hivyo. Mimi nilisema, “Baba anaogopa kuwa upinzani ukishika nchi, eka tatu zitarudishwa kwa wenyewe wa zamani.” Akatikisa kichwa, “Sijasema hivyo. Sema tena.” Nilisema tena, na tena hakukubali. Ilipita muda, na mazungumzo kadhaa, ndipo nikaweza kulisema dai lake naye akaitikia: anachoogopa ni kuwa siku moja watoto watafundishwa kuwa aliyofanyiwa baba yake hayakutokea, au yalikuwa madogo. Hoja hiyo sikuwahi kuijibu katika maisha yangu yote ya kubishana, kwa kuwa sikuwahi kuijua. Nilikuwa nikiijibu ile ya ardhi, ambayo hakuwa nayo.

Yeye naye alianza vibaya kwa upande wangu. “Nyinyi mnataka Waarabu warudi,” alisema, nami nikamwambia sema tena, baba. Akasema tunataka Pemba ijitenge, nikakataa. Hatimaye akasema, “Mnataka mtu akipiga kura ihesabiwe, na akishinda apewe.” Nikamwambia ndivyo. Akakaa kidogo, kisha akasema neno ambalo limebadilisha namna ninavyoisoma historia ya visiwa vyetu: “Hata sisi tulitaka hivyo.”

Alikuwa akizungumzia uchaguzi wa Julai 1963, ule uliotangulia uhuru wa Disemba mwaka huo. Afro-Shirazi walipata kura zaidi ya nusu, takriban asilimia 54, lakini katika viti 31 wakaambulia 13, na serikali ikaundwa na muungano wa vyama vilivyowapinga, ZNP na ZPPP, uliokuwa na viti 18. Takwimu hizi nilizijua, maana zimo katika vitabu vya historia, na nimewahi kuwaeleza wanafunzi wangu kuwa matokeo yalitokana na namna majimbo yalivyogawiwa. Nilizieleza kama hesabu. Kwa mzee ilikuwa ni wizi aliouona kwa macho yake, na uchungu wake alipouzungumzia ulikuwa ni uchungu wangu wa tarehe 28 Oktoba 2015, hata maneno yalifanana. Mimi siamini kuwa matukio hayo mawili ni sawa: mwaka 1963 kanuni za mchezo ndizo zilizokuwa mbovu, na 2015 mchezo ulisimamishwa ulipokuwa umekaribia kwisha. Yeye anaamini kuwa 2015 kulikuwa na kasoro za kweli na kwamba marudio yalikuwa ya haki. Tumebaki hapo. Lakini tangu siku hiyo hakuna kati yetu anayeweza kumwambia mwenzake kuwa hajui maumivu ya kura.

Kuna maswali ambayo hayafai kubishaniwa kabisa, yanafaa kwenda kutazamwa. Sisi tulikuwa tukivutana juu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho mtu asipokuwa nacho hawezi kuandikishwa kupiga kura. Upande wetu hulalamika kuwa masheha, yaani viongozi wa serikali wa shehia, huwanyima vijana wetu barua ya kuombea kitambulisho. Upande wao husema kuwa wanaonyimwa ni wale wasio na sifa. Tuliacha kubishana, na mzee akafuatana na kijana mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Pemba anayeishi mjini, aliyekuwa akiambiwa kila mara aje wiki ijayo. Alikaa naye foleni tangu asubuhi, akasikia mwenyewe “njoo wiki ijayo”, na akarudi amenyamaza. Alipokwenda tena alijitambulisha, na barua ikatoka siku hiyo hiyo, jambo ambalo lilimwudhi zaidi kuliko kama ingekataliwa. Lakini naye alinitaka nimtajie wengine, na katika niliowataja mmoja aligundulika kuwa alikwisha kuandikishwa katika shehia nyingine na alitaka kuandikishwa mara ya pili. Sikulipenda hilo, na nililipeleka kwetu kama nilivyolikuta.

Huko kwetu ndiko gharama zilipokuwa. Anayetaka kuyafanya haya ajue mapema kuwa watakaomchukia kwanza ni wa upande wake. Mimi niliambiwa nimenunuliwa, nikaulizwa kwa mzaha ambao haukuwa mzaha lini nitapewa ukuu wa wilaya, na katika baraza niliyokuwa nikikaa jioni watu walianza kubadili mazungumzo ninapofika. Rafiki yangu mmoja wa tangu utotoni aliacha kunitembelea na hajarudi. Mzee naye aliitwa na wenzake wa maskani kuulizwa kwa nini anafuatana na vijana wa upinzani kwenda kwa sheha. Yeye alikuwa na heshima ya umri na ya zama za Afro-Shirazi, hivyo hawakuweza kumfanya kitu. Mtu asiye na kinga hiyo apime vizuri kabla ya kujitosa. Kwa mke wangu mambo yalikuwa mazito kwa namna nyingine, kwa kuwa kila mmoja wetu alimfanya mjumbe, na alituambia wazi kuwa hatabeba tena maneno kutoka huku kwenda kule. Alikuwa na haki. Msimtumie mtu wa katikati. Kama una neno na mkwe wako, panda gari ukamwambie mwenyewe.

Sikufanikiwa na kila mtu. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, alikuwa na matumaini ya kazi ambayo yalitegemea kuonekana kwake kuwa imara katika chama, na kila nilichokisema kwake kilirudi barazani kimegeuzwa. Sikumlaumu sana, maana njaa ina maneno yake, lakini niliacha kuzungumza naye siasa, tukabaki na mpira na watoto. Siamini wanaosema kuwa kila mtu anaweza kufikiwa kwa mazungumzo ukiwa na subira. Mtu ambaye riziki yake imefungwa katika jibu fulani hawezi kuwa huru kulitafakari jibu hilo, na kumshikilia ni kumtesa. Vilevile nimejifunza kujiuliza kama mimi mwenyewe nina kitu kilichofungwa namna hiyo.

Simu ilikuwa adui wetu mkubwa kuliko chama. Mzee alikuwa akitumiwa video na wanawe, mimi nikitumiwa na wenzangu, na katika kipindi kimoja tulikuwa tukirushiana usiku kucha vipande vya hotuba za watu ambao hatujapata kukutana nao. Kila kipande kilifuta kazi ya jioni nzima ya nazi. Tulikubaliana kuwa hakuna kutumiana chochote cha siasa kwa simu, na aliye na jambo aliweke mpaka tukutane. Mengi tulipokutana yalikuwa yamekwisha kuoza yenyewe. Tuliwekeana pia sharti la kutochukua aya na hadithi za Mtume kama fimbo ya kumpigia mwenzako. Sharti hilo lilikuwa lake, kwa sababu, kama alivyosema, mtu ukimsomea aya katikati ya ubishi unamlazimisha achague baina ya kunyamaza na kukufuru, na hilo si jibu.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia ni kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ile iliyowauliza Wazanzibari kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ambapo asilimia 66.4 walisema ndiyo. Kwa miaka yote nilichukulia kuwa mkwe wangu alisema hapana, kwa vile katika maeneo kama ya kwao kulikuwa na upinzani mkubwa dhidi ya maridhiano ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif, kiongozi wa CUF. Kumbe alisema ndiyo, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alikuwa amechoka kuwazika watu akiwa anatazama nani hakuja. Tulikuwa tumeishi ndani ya ukoo mmoja muda wote huo, tukiwa na kura moja katika jambo kubwa kuliko yote, na kila mmoja akimwekea mwenzake maneno mdomoni.

Ulipofika uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, na damu ikamwagika tena Pemba, tulikuwa na mazoea ya kutosha kuyapita yale bila ya kuvunjika, ingawa hatukuwa na amani. Alinipigia simu kuuliza habari za watu wa kwetu mmoja mmoja kwa majina, na hakuuliza nani alianza. Mimi nilikuwa na hasira kiasi ambacho nilimwomba tusionane kwa muda, naye hakulichukulia kuwa ni utovu wa adabu. Maalim Seif alipofariki tarehe 17 Februari 2021, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais, mkwe wangu alikuja mjini kunipa pole kama anavyopewa pole mtu aliyefiwa na mzazi. Alikaa, akanywa kahawa, akasoma Fatiha, na kisha akaniambia kwa utulivu kabisa kuwa bado anaona yule bwana aliichelewesha Zanzibar miaka ishirini. Nilimwambia kuwa kwangu mimi ni kinyume chake. Mke wangu akaleta kashata.

Siku hizi tuna utaratibu ambao ninawapa wanaouliza, wachukue kinachowafaa. Kampeni zikikaribia tunaacha siasa kabisa, mpaka matokeo yatangazwe na wiki chache zipite, maana wakati huo hata maneno ya heri hunuka uchaguzi. Baada ya hapo mmoja humwendea mwenzake akihisi yuko tayari, na desturi yetu ni kwamba aliyeshinda ndiye anayetangulia kwenda. Tunaanza na swali, si na dai. Mmoja akichoka anasema amechoka, na mwenzake haruhusiwi kuongeza neno la mwisho, hata likiwa tamu kiasi gani. Kila Januari 12, siku ya Mapinduzi, yeye huvaa shati lake la kijani akaenda kwenye sherehe, nami humpeleka kituoni asubuhi na kumchukua jioni, kwa kuwa magari siku hiyo ni ya shida. Mada tuliyo nayo sasa ni muundo wa Muungano, serikali mbili au tatu, na humo nimekuta kuwa yeye, mtu wa CCM, ana manung’uniko mengi kuliko mimi, na kuwa safari hii mimi ndiye ninayeambiwa, “Sijasema hivyo. Sema tena.”